Maji Baridi Kwenye Shamba la Mawe

Simama stejini asubuhi uwasikilize makanga wakiita abiria. Mathare! Ngong! Mukuru! Kikuyu! Kibera! Kwetu sisi wa Nairobi hayo ni majina ya mitaa tu, kila moja na nauli yake, na mvua ikinyesha nauli inapanda mara mbili. Lakini makanga yule aliyening'inia mlangoni anataja miti, mito na wanyama, na hajui. Mimi pia sikujua.

Mathare, wanavyoeleza wazee, limetokana na jina la Kigikuyu la mti wa drasena. Mukuru ni bonde la mto. Kikuyu inatukumbusha mkuyu. Ngong imetoka kwa Kimaasai, enkong'u e muny, chemchemi ya kifaru. Kibera asili yake ni Kibra, neno la Wanubi, na maana yake ni msitu. Na Nairobi yenyewe? Hiyo tulifundishwa shuleni tukaijibu kwenye mtihani kisha tukasahau: Enkare Nairobi, maji baridi. Enkare ni ileile iliyoupa mji wa Narok jina lake, Enkare Narok, maji meusi.

Fikiria basi. Wenyeji wa zamani walipotaka kupataja mahali hapa hawakusema kilima wala uwanda. Walisema maji. Leo ukimwambia mtu Nairobi kuna mto anacheka, anauliza kama unamaanisha ule mtaro wa pale Globe.

Mimi nilianza kuuliza habari za mto huu kwa sababu ya shosho yangu. Alifika Mathare mwaka 1974, msichana na mtoto mgongoni, akapanga chumba cha mabati hatua chache kutoka kwenye maji. Anasema siku hizo walikuwa wakifua nguo mtoni, na watoto walikuwa wakirudi na viluwiluwi kwenye mikebe. Alilea watoto watano na wajukuu wanane hapo. Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili 2024, mto ukaingia kwake bila hodi. Tulimtoa kupitia dirishani. Baadaye, maji yalipokuwa yamerudi mahali pake na sisi bado tunaanika godoro, wakaja watu wenye rangi nyekundu wakachora X kwenye ukuta. Hawakusema jina wala ofisi. Shosho aliuliza swali moja tu: "Huu mto ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo.

Tuanzie mwanzo. Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa mpaka. Upande wa magharibi na kaskazini kulikuwa na misitu, mahali pa wawindaji ambao Wagikuyu waliwaita Athi, kisha pakawa mahali pa Wagikuyu wenyewe waliofyeka na kulima. Upande wa mashariki na kusini kulikuwa na nyika, malisho ya Wamaasai. Katikati palikuwa na chepechepe, na hapo ng'ombe walinywa. Mpaka huo haukuwa ukuta. Watu walipigana, ndiyo, lakini pia walioana, na kina mama waliendelea kupitisha bidhaa zao sokoni hata wanaume walipokuwa wakishika mikuki. Wakati wa njaa, mtu wa huku alikimbilia kule. Hapa hapakuwa na jiji, lakini usidanganywe kwamba hapakuwa na watu. Palitumika, palijulikana, palikuwa na jina.

Reli ikafika mwishoni mwa Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu mbili: palikuwa tambarare, mahali pa mwisho pa kupanga karakana kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa, na palikuwa na maji. Kwa karakana ni pazuri. Kwa mji ni balaa, kwa sababu udongo mweusi wa upande ule hushika maji kama sufuria. Mwaka 1902 tauni ilizuka, na wakubwa wakauchoma moto mtaa wa biashara wa Wahindi. Madaktari walishauri mji uhamishwe. Haukuhamishwa. Kwa hiyo tunapolia kila Aprili kwamba Nairobi imefurika, tukumbuke kwamba mji huu uliwekwa kwenye kinamasi na watu walioonywa.

Halafu yakaja makaratasi. Mwaka 1904, Waingereza na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mmoja wao, walitia saini mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho yao bora na kuwagawa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli. Waliambiwa mkataba huo utadumu siku zote. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakaswagwa kwenda kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakiongozwa na Ole Njogo, na kesi ikatupwa. Ndiyo maana jiji hili lina jina la Kimaasai ilhali Mmaasai akiingia na ng'ombe wake wakati wa kiangazi, kama inavyotokea kila ukame ukizidi, watu wa mjini wanatoa simu kupiga picha wakicheka. Anayechekwa ndiye aliyetupa jina.

Mji ulipokua, uligawanywa kufuata maji na miinuko. Wazungu walichukua juu, magharibi na kaskazini, penye baridi na udongo mwekundu unaopitisha maji. Wahindi walikaa katikati. Mwafrika alisukumwa mashariki, chini, kwenye udongo mweusi, huko mto unakofika baada ya kupita kwa wengine wote. Hata miti ilibadilishwa. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia mwaka 1902 ili iwe kuni za kuendesha treni, na baadaye Nairobi ikajisifia mijakaranda, ambayo asili yake ni Amerika Kusini. Mimi nayapenda maua yake ya zambarau kila Oktoba kama kila mtu mwingine. Ila nilipojaribu kutaja miti mitano ya asili ya jiji langu nilikwama kwenye mugumo.

Maji nayo yakageuzwa. Mwanzoni mji ulikunywa kutoka kwenye chemchemi za Kikuyu, hapa karibu. Ulipozidi kukua ukajenga bwawa la Sasumua katika miaka ya 1950, kisha Ndakaini kule Murang'a katika miaka ya 1990. Leo sehemu kubwa ya maji ya bomba Nairobi yanatoka Ndakaini, kwenye mto Thika, ambao kwa asili yake unamiminika Tana. Tukishayatumia, uchafu tunaumwaga upande wetu, na upande wetu ni wa Athi. Yaani tunakunywa bonde moja na kujisaidia kwenye bonde jingine. Na mto ukishaacha kukunywesha, ni rahisi sana kuusahau. Hapo ndipo Mto Nairobi ulipogeuka kuwa mtaro.

Kuna watu walioliwaza jambo hili mapema, mbali na hapa. Mwaka 1973 kule San Francisco, Marekani, Peter Berg na wenzake walianzisha kundi liitwalo Planet Drum. Yeye na mwanaikolojia Raymond Dasmann walisema kwamba mipaka ya kweli ya mahali ni mabonde ya mito, udongo, mimea na wanyama wake, pamoja na watu waliojifunza kuishi nayo. Mistari iliyochorwa na serikali kwenye ramani huja baadaye. Wazo hilo linaitwa bayorijonalizimu. Jina ni refu, lakini maswali yake ni mepesi. Maji unayokunywa yanatoka wapi? Uchafu wako unaenda wapi? Nani alijua mahali hapa kabla yako, na alijua nini? Berg na Dasmann waliongea juu ya kukaa upya, yaani kujifunza tena kuishi mahali palipoharibiwa bila kupaharibu zaidi.

Nikaona nijaribu kuishi kwa ramani hiyo siku moja. Nilipanda matatu hadi mji wa Kikuyu nikatembea hadi Ondiri. Hapo ndipo Mto Nairobi unapoanzia, kwenye kinamasi ambacho ukikikanyaga kinatikisika chini ya miguu kama godoro, kwa sababu majani na mizizi yake yameelea juu ya maji. Wakazi wa pale wamejipanga miaka ya karibuni kukilinda. Wamepanda mianzi kandokando na kupigania mikaratusi iondoke, kwa sababu hunyonya maji mengi mno. Maji yanayotoka Ondiri ni safi. Nilitia mkono. Yalikuwa baridi. Nilisimama pale nikajiona mjinga, miaka yote hiyo naishi ndani ya jina na sijawahi kuligusa.

Kutoka hapo mto unashuka hadi jijini, unapita nyuma ya karakana, chini ya barabara, kando ya Gikomba na Korogocho, kando ya dampo la Dandora ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1970. Mto Mathare na Mto Ngong unaungana nao. Baadaye unaingia Athi, Athi inakutana na Tsavo na kuitwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mfuko wa maziwa unaoutupa Eastleigh una safari ndefu mbele yake, na mwisho wake uko kwa mvuvi wa Mambrui ambaye hajawahi kufika Nairobi. Ukifuata ramani ya mto, yule ni jirani yetu.

Sasa tuzungumzie kurejesha, kwa sababu habari si mbaya tupu. Msitu wa Karura, hekta zaidi ya 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai alikwenda pale na kina mama, wabunge na vijana kupanda miche. Mnamo Januari 8, 1999, walipigwa na wahuni waliokodishwa, na Maathai akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Wajenzi wakashindwa. Leo watu wanakwenda Karura kukimbia na kupiga picha za harusi, na kule ndani mikaratusi inakatwa kidogo kidogo kupisha miti ya asili. Kila mtu anayepumua kule anapumua kwa deni la watu waliopasuliwa vichwa.

Pale karibu na Globe, John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alisafisha ukingo wa mto uliokuwa umejaa takataka na gereji, na bustani ile leo inaitwa kwa jina lake. Korogocho, vijana walioacha uhalifu walijikusanya chini ya jina Komb Green Solutions, wakasafisha ukingo na kutengeneza bustani ya umma mahali palipokuwa jalala. Kibera, kando ya Mto Ngong, wakazi wamejenga viwanja vya umma wakishirikiana na wabunifu, sehemu za kufulia, za watoto kuchezea na za kuzuia mafuriko. Hawa hawakusubiri kuambiwa.

Lakini kurejesha kuna upande mwingine, na lazima tuuseme. Waiyaki Way, barabara yenye jina la Waiyaki aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892 akafa akipelekwa pwani, kuna mugumo mkubwa, una miaka zaidi ya 100 na urefu wa jengo la ghorofa nne. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo huo ulikuwa ukatwe. Watu walipiga kelele, kwa sababu kwa Wagikuyu mugumo ni mahali pa sala na kuukata ovyo ni mwiko. Novemba mwaka huo amri ya Rais ikatoka: mti usiguswe. Tulishangilia. Mimi nilishangilia.

Mwaka mmoja baadaye, 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha na hiyo hiyo ya juu. Na mwaka 2024, baada ya mafuriko, amri ilikuwa kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, na familia zilizobomolewa zikaahidiwa shilingi 10,000. Mti ulipata amri ya Rais. Watu wakapata tingatinga.

Sisemi mti ungekatwa. Nasema tumejifunza kuona urithi kwenye mti na bado hatujajifunza kuuona kwa mtu maskini. Tena Mathare hii si mara yake ya kwanza. Aprili 24, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliizingira Nairobi kwa operesheni waliyoiita Anvil, wakazoa maelfu kwa maelfu ya Waafrika kuwapeleka vizuizini, na vibanda vya Mathare vikabomolewa kwa kuwa vilihesabiwa ngome ya Mau Mau. Miaka 70 kamili baadaye, mwezi uleule, maji yakaja, na baada ya maji tingatinga. Na miaka 50 kabla ya 1954 ilikuwa 1904 na mkataba wa Wamaasai. Kila mara sababu ilitolewa. Usalama. Maendeleo. Afya. Mazingira. Kila mara walioondoka walikuwa walewale wasio na karatasi.

Mtu ataniambia: lakini ukingo wa mto si mahali pa kuishi, sheria inasema hivyo. Ni kweli. Mimi ndiye niliyembeba shosho dirishani, sihitaji kufundishwa. Mto unahitaji nafasi yake, na mvua kubwa ikija inaichukua. Ninachouliza ni kwa nini mita zile zinapimwa kwa nguvu Mathare, na huko juu, penye ukuta mrefu na bustani iliyoteremka mpaka majini, zinapimwa kwa mazungumzo. Mto Gitathuru unapita Muthaiga kabla ya kufika kwetu. Maji ni yaleyale. Ukitaka kuurejesha mto, unaanzia juu kushuka chini. Hata fundi wa bomba anajua hilo.

Na kuna swali la wenyeji. Kenya neno hilo lina damu. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, watu waliitwa madoadoa na kufukuzwa walikozaliwa kwa sababu wengine walidai wao ndio wenye mahali. Kwa hiyo ninaposema tuheshimu urithi wa waliotutangulia, naelewa ukishtuka. Simaanishi Nairobi irudishwe kwa kabila moja. Wamaasai waliyapa maji jina. Wagikuyu waliipa miti majina na kuitunza migumo. Wanubi walioletwa na jeshi la Mwingereza waliuita msitu msitu, na walisubiri hadi 2017 kupata hati ya ekari 288 tu za Kibera, wakati ardhi waliyopewa mwanzoni ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Kila mmoja alijua kitu kuhusu bonde hili. Deni la 1904 bado ni deni na linafaa litajwe kwa jina kwenye bustani zetu, kwenye vitabu na kwenye mipango ya jiji, na wenye deni hilo waitwe mezani. Kulitambua hakuhitaji kumfukuza yeyote.

Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kweli huuliza njia za mahali, hufuata mwiko wa mahali, huleta kitu. Nairobi karibu sote ni wageni, na wengi wetu tulikuja kuchuma tu, kama shamba la mawe tunavyoliita, kisha Desemba turudi ushago. Ushago tunajua chemchemi iko wapi na ni mti gani haukatwi. Hapa hatujui, kwa sababu hatujakubali kwamba tunaishi hapa. Nadhani kukaa upya kunaanza hapo: kujua majina, kuyataja, halafu kutenda kama mtu atakayezikwa karibu.

Shosho sasa anaishi kwa shangazi, Kayole. Hakupata zile elfu kumi. Chumba chake hakipo, na pale kiliposimama vijana wa mtaa wamechoma takataka, wakapanda miche ya mugumo na mianzi, wameizungushia miiba ili mbuzi wasile. Mwezi uliopita nilimpeleka aone. Alitembea polepole hadi ukingoni akaangalia maji, yamejaa mapovu na chupa.

Nikamwambia habari za Ondiri, jinsi maji yanavyotoka yakiwa safi na baridi. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa.

"Huu huu?"

"Huu huu, shosho."

Akanyamaza. Kisha akamwita kijana mmoja aliyekuwa akimwagilia, akamwonyesha mche uliopandwa karibu mno na maji. "Huo usogeze juu," akamwambia. "Mto ukija utachukua mpaka hapa." Akachora mstari ardhini kwa fimbo yake, mahali palipokuwa mlango wake.

Kijana aliusogeza.